Kinywani, Dawa ya Moto Si Moto

Mheshimiwa mwenyekiti, wazazi, walimu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema: asanteni kwa kunikaribisha.

Mimi ni daktari wa kinywa na meno. Kazi yangu ni kuchungulia midomo ya watu, na leo nataka tuchungulie pamoja. Nianze na mgonjwa mmoja. Alikuja asubuhi na mapema, shavu limemvimba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Jino lake la chini lilikuwa limeoza na lilikuwa limempwita usiku kucha. Saa nane za usiku, uvumilivu ulipomwishia, alichukua kidonge cha aspirini. Hakukimeza. Alikibana kati ya fizi na shavu, pale pale panapouma, akajilaza. Kilipoyeyuka akaongeza cha pili.

“Daktari,” akaniambia, “nilitaka dawa ifike kwenye maumivu bila kuzungukazunguka.”

Nikavuta shavu lake pembeni kwa kioo changu kidogo. Pale ambapo fizi ilipaswa kuwa ya rangi ya waridi palikuwa na bamba jeupe, limekunjamana kama karatasi iliyoloa maji, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nililigusa kwa pamba tu, likabanduka. Chini yake pakabaki nyama mbichi nyekundu inayovuja damu. Jino lenyewe bado linampwita vilevile. Aliingia usiku ule na maumivu mamoja, akatoka na mawili.

Tuna msemo wetu kwamba dawa ya moto ni moto. Katika ugomvi sijui, waulizeni wagomvi. Lakini kinywani nimeona msemo huu ukiwaunguza watu kwa miaka mingi, na ndio nimekuja kuupinga leo. Mtu mdomo unamuwasha, anatafuta kitu kinachowasha zaidi. Kidonda kinauma, anatafuta dawa kali ya “kukikausha”. Siku ya pili kimekuwa kikubwa, anaongeza ukali. Kila ninapomhoji mgonjwa wa aina hii, hukuta kwamba nusu ya kidonda ni ugonjwa na nusu ni matibabu.

Ili mnielewe, fumbeni midomo kidogo. Ndiyo, hata wewe mwenyekiti. Pelekeni ncha ya ulimi juu, nyuma tu ya meno ya mbele. Panakwaruza, sivyo? Pana matuta. Hapo kwenye kaakaa, na kwenye fizi, na juu ya mgongo wa ulimi, utando umevishwa keratini, protini ya jamii ile ile inayotengeneza kucha na nywele. Ni sehemu zinazosagwa na chakula, kwa hiyo zimepewa koti. Sasa telezesheni ulimi kwenye shavu kwa ndani. Laini, panateleza. Halafu kunjeni ulimi muuguse chini yake, pale unapokaa. Huko hakuna koti kabisa. Tabaka la seli linalofunika shavu lina unene wa karibu nusu milimita. Chini ya ulimi halifiki mbali na sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi moja ya daftari.

Wembamba huo sisi madaktari huutumia. Mgonjwa wa moyo anayebanwa na kifua hupewa kidonge cha nitrogliserini akiweke chini ya ulimi, na ndani ya dakika chache kimeshaingia kwenye damu. Lakini mlango haujui mgeni mwema na mbaya. Njia anayopita nitrogliserini ndiyo anayopita kila mchokozi mwingine.

Basi mbona midomo yetu haiungui kila siku? Kwa sababu ya mate. Tunayadharau mate, hata kuyataja ukumbini ni aibu kidogo, lakini mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Ndani yake kuna ute unaoganda juu ya utando kama utelezi juu ya samaki, na kuna baikaboneti inayopunguza makali ya tindikali. Juu ya yote, mate yanatembea. Kila tunapomeza, yanazoa kilichokuwa kinywani na kukishusha tumboni. Kemikali inayopita ikasombwa na mate haina muda wa kufanya uharibifu. Inayounguza ni ile iliyokaa.

Sasa mrudieni yule mgonjwa wangu. Alikibana kidonge kwenye mfuko wa shavu ambako mate hayapiti vizuri, tena usiku, wakati tezi za mate zinakaribia kufunga kazi. Aspirini ni tindikali. Si kali ya kutisha, ukiimeza na maji inapita. Lakini iache imegandamana na mahali pamoja kwa saa nne, protini za seli zinaganda kama ute wa yai ukikutana na kikaango. Lile bamba jeupe lilikuwa seli zilizoganda zikafa.

Na hapa ndipo penye utamu wa hadithi. Mwaka 1971 mtafiti mmoja Mwingereza, John Vane, alionyesha jinsi aspirini inavyofanya kazi: inauzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu. Mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel, akishirikiana na wenzake wawili wa Uswidi. Kwa hiyo kidonge kile kile ukikimeza kinatuliza uvimbe, kwa kupitia damu. Ukikiegesha kwenye fizi kinaleta uvimbe. Neva za jino zimo ndani ya jino lenyewe, na dawa iliyobandikwa juu ya fizi haizifikii. Kuzungukazunguka kule alikokukwepa mgonjwa wangu ndiko kulikokuwa njia.

Nimetaja uvimbe. Hali nzima inayokuja nao, madaktari wanaoandika kwa Kiswahili huiita mchochota, wengine husema inflamesheni. Nyumbani tunasema mdomo umewaka, umebabuka. Mrumi mmoja aitwaye Celsus, karibu miaka 2000 iliyopita, aliutaja kwa dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Baadaye ikaongezwa ya tano, kwamba kiungo hakifanyi kazi yake. Hadi leo hatujapata orodha bora kuliko hiyo.

Watu wengi hudhani dalili hizo zimeletwa na kemikali moja kwa moja. Sivyo. Kemikali ilichofanya ni kupasua seli. Mengine yote umeyafanya wewe mwenyewe, mwili wako.

Inakwenda hivi. Ndani ya seli mna vitu ambavyo havitakiwi kuonekana nje. Kimoja ni ATP, nishati ya seli. Kingine ni protini moja ya jamii ya intalukini. Seli ikipasuka, vinamwagika, na kwa majirani hiyo ni mbiu ya mgambo. Nanyi mnajua, ikilia ina jambo. Kuna seli zilizojipanga kando ya mishipa ya damu zikiwa zimebeba vifuko vya histamini, kemikali ya kutanua mishipa hiyo. Zinavifungua. Nyingine zinatengeneza prostaglandini. Mishipa midogo ya damu inatanuka, damu inafurika: hapo umepata wekundu na joto. Kuta za mishipa zinalegea, maji yanapenya kwenda kwenye nyama: hapo umepata uvimbe, ndiyo maana unaanza kujing’ata shavu kila unapotafuna. Prostaglandini nazo zinazifanya neva ziwe na hasira, hata maji ya uvuguvugu yanauma.

Baada ya saa chache wanafika askari wa kwanza, chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili. Kazi yao ni kuua vijidudu na kula mabaki. Lakini ni askari wa vurugu. Wanamwaga vimeng’enya na kemikali zao kali bila kuangalia nani adui na nani mwenye nyumba, na baadhi ya seli zilizokuwa salama zinaumizwa na wao. Wafagiaji wenyewe, seli kubwa zinazosafisha na kuanzisha ukarabati, huja nyuma yao baada ya siku moja au mbili.

Ndugu zangu, siku ile ya pili ndiyo siku ya hatari. Kidonda kinaonekana kibaya kuliko jana. Kwa mwili ni kazi inaendelea. Kwa mwenye mdomo ni ushahidi kwamba dawa ya jana ilikuwa dhaifu. Anakwenda dukani kutafuta kali zaidi, na mbiu inapigwa upya.

Nije kwenye mwako wenyewe, maana una ujanja wake. Mwaka 1997 mtafiti David Julius na wenzake huko California waliitambua protini iliyo kwenye ncha za neva za maumivu, wakitumia kemikali inayoifanya pilipili iwe pilipili, yaani kapsaisini. Protini hiyo leo inaitwa TRPV1. Ni kama kengele ya moto: joto likifika karibu nyuzi 43, inalia. Kapsaisini inaipiga kengele hiyo bila moto wowote. Ndiyo maana tunasema pilipili ni ya moto, na ulimi unaamini hivyo kwa dhati ingawa hakuna kilichopata joto. Tindikali nayo inaipiga. Mwaka 2021 Julius alipewa Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, aliyechunguza namna tunavyohisi mguso.

Na pombe? Pombe inafanya jambo la ajabu zaidi. Haipigi kengele kwa nguvu, inaishusha kiwango. Badala ya kusubiri nyuzi 43, kengele inaanza kulia kwenye nyuzi 34 hivi. Sasa kinywa chako kina nyuzi 36 au 37 wakati wote. Maana yake, ukisukutua kwa dawa yenye pombe, kinachokuunguza ni joto lako mwenyewe.

Nasema haya kwa sababu ya imani moja iliyozagaa: kwamba dawa ya kusukutua ikichoma ndiyo inafanya kazi. Nilikuwa na mgonjwa, mtu mzima mwenye heshima zake, mdomo ulikuwa unamuwaka kwa miezi. Mashavu kwa ndani yalikuwa mekundu, yamechunikachunika. Nikamuuliza anatumia nini. Akatoa mfukoni chupa. Kiasi cha pombe kilikuwa zaidi ya asilimia 20. Alikuwa anasukutua mara nne kwa siku, na kila mara alikuwa anahesabu hadi mia moja kabla ya kutema, “ili iingie”. Pombe kwa wingi huo inayeyusha mafuta yaliyo kwenye ngozi za seli na inakausha utando. Nikamwambia: acha. Usiongeze chochote, acha tu. Aliniangalia kama mtu aliyelipia ushauri akapewa hewa. Wiki mbili baadaye mashavu yalikuwa yametulia.

Usidhani nawacheka wagonjwa. Mimi mwenyewe, mwenye shahada ukutani, niliwahi kuamka asubuhi nikakuta nyuzinyuzi nyeupe mdomoni, kama utando wa buibui uliolowa. Nikizivuta kwa kidole zinatoka bila maumivu. Siku tatu nilijikagua kwenye kioo nikifikiria magonjwa makubwa makubwa, mnajua madaktari tulivyo waoga wa miili yetu. Siku ya nne ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimebadilisha dawa ya meno.

Dawa nyingi za meno zinatoa povu kwa sababu zina sabuni iitwayo sodiamu lauri salfeti, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 2. Povu halisafishi meno kuliko mswaki wenyewe. Tunalipenda tu, linatupa hisia ya usafi. Sabuni hiyo inaondoa ule ute wa mate unaolinda utando, na inalegeza tabaka la juu la seli hadi linabanduka. Kwa watu wengi haina neno. Kwa wengine inabandua ngozi kama ilivyonibandua. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Oslo, Norwei, waliona kwamba baadhi ya watu wanaosumbuliwa na vidonda vya mdomoni vinavyojirudia walipata vidonda vichache walipotumia dawa ya meno isiyo na sabuni hiyo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, kwa hiyo simwambii kila mtu atupe dawa yake. Namwambia yule anayetokwa vidonda kila mwezi ajaribu ya bila povu kwa wiki kadhaa. Haimgharimu kitu zaidi ya povu.

Kwangu mimi zile nyuzi zilikwisha ndani ya wiki moja. Sikumwambia mtu hadi leo.

Kosa jingine langu ni zito kidogo. Nilipokuwa daktari mpya nilikuwa naziba jino la mbele. Kabla ya kuziba tunapaka jeli ya tindikali ya fosfori, asilimia 37, ili jino likwaruzike na kijazo kishike. Inakaa sekunde 15 hadi 30, halafu inasuuzwa. Nikaisuuza. Sikuona tone lililoteleza likajificha kwenye mkunjo wa ndani wa mdomo wa juu. Mgonjwa hakulalamika, angelalamikaje? Nilishamchoma ganzi. Alikaa na tone lile hadi nilipomaliza kazi. Kesho yake akarudi na alama nyeupe iliyozungukwa na wekundu, na macho ya mtu aliyesalitiwa. Nilimwomba radhi na nikamweleza ukweli. Pakapona ndani ya siku kumi.

Jeli ile ile ilikaa nusu dakika kwenye jino haikudhuru, ikakaa muda mrefu kwenye mdomo ikaunguza. Na kengele ya hatari nilikuwa nimeizima mwenyewe kwa sindano. Ndiyo maana ninawasihi mama na baba: mtoto akitoka kutibiwa na mdomo bado una ganzi, asipewe kitu cha moto, na jamani, msimpake jeli za kutia ganzi ufizi ili aendelee kula kitu kinachomuumiza. Maumivu ni mlinzi mwenye kelele, lakini ni mlinzi.

Hadi hapa nimezungumzia majeraha yanayopona. Sasa nizungumzie yasiyochezewa.

Tindikali ikiua seli, protini zinaganda, na lile gamba lililoganda huweza kuizuia kidogo isizame zaidi. Alkali haina huruma hiyo. Kostiki soda, dawa za kuzibua mabomba, baadhi ya sabuni za mashine: hizi zinageuza mafuta ya seli kuwa sabuni na kuziyeyusha protini, nyama inakuwa uji, na kemikali inaendelea kushuka chini. Mwanzoni eneo linaweza kuonekana si baya sana. Mtoto akinywa kitu cha namna hii, msiangalie midomo tu mkajipa moyo. Koo linaweza kuwa limeungua zaidi.

Fanyeni mambo machache tu. Mtoe kilichobaki mdomoni, asukutue na kutema maji ya kawaida, chukueni chupa yenyewe mwende nayo hospitali mara moja. Msimtapishe, kwa sababu kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Na msijaribu kuua alkali kwa siki au ndimu, au tindikali kwa magadi. Najua shuleni tulifundishwa kwamba zikikutana zinabatilishana. Kweli, lakini zikibatilishana hutoa joto, joto la kweli la kupimwa kwa kipimajoto, juu ya nyama iliyokwisha kuungua. Huo ndio msemo wetu wa moto kwa moto, safari hii bila mafumbo.

Na zile betri bapa za mviringo, kama vifungo, zilizomo kwenye saa na vifaa vya kuchezea. Hazihitaji kupasuka ndipo zidhuru. Zikikwama mahali penye unyevu, umeme wake unayageuza maji ya mwili kuwa alkali kali papo hapo. Kwenye koo la mtoto saa mbili zinatosha kuleta jeraha kubwa. Hata ile iliyokwisha, isiyoweza kuendesha saa, bado ina nguvu ya kuunguza. Mkihisi mtoto ameimeza, msisubiri dalili.

Tumbaku nitaisema kwa ufupi, maana mmeshahubiriwa vya kutosha, ila kuna jambo moja ambalo mahubiri huliacha. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Kwenye kaakaa la mvutaji wa muda mrefu, hasa wa kiko, utaona weupe wenye vitone vyekundu. Vile vitone ni midomo ya tezi ndogo za mate iliyovimba. Lakini fizi zake? Mara nyingi hazitoki damu. Anapiga mswaki, anatema, povu jeupe safi. Anadhani ana fizi za chuma. Nikotini inabana mishipa ya damu, kwa hiyo wekundu na damu havionekani ingawa ugonjwa unaendelea chini kwa chini na mfupa unaliwa. Anapoacha kuvuta, wiki chache baadaye fizi zinaanza kutoka damu, anakuja kwangu analalamika kwamba kuacha sigara kumemharibia kinywa. Namwambia hongera, kengele yako imerudi.

Tumbaku ya kubana mdomoni nayo huchanganywa na vitu vya alkali ili nikotini iachiliwe upesi. Mahali inapobanwa kila siku utando unakuwa mweupe, mnene, wenye mikunjo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Mchochota wa wiki mbili ni ukarabati. Mchochota wa miaka ishirini, seli zikifa na kuzaliwa upya kila siku mahali pale pale, ni jambo jingine.

Kuna mtu atasema: mimi nina mzio tu. Inawezekana, na mara nyingine sisi wenyewe tunashindwa kutofautisha kwa macho. Kemikali chokozi inamuumiza yeyote ikiwa kali na ikikaa. Mzio unamchagua mtu, tena mtu ambaye mwili wake ulishakutana na kitu kile. Mzio wa kugusana huchelewa, siku mbili tatu. Sinamaldehaidi, inayoyapa mafuta ya mdalasini harufu yake na huwekwa kwenye dawa za meno na ubani wa kutafuna, inaweza kufanya yote mawili, ndiyo maana huwa naiuliza mapema.

Basi mdomo ukibabuka ufanye nini? Kwanza jiulize umebadilisha nini wiki hii: dawa ya meno, ya kusukutua, jeli ya kung’arisha meno, dawa mpya ya kumung’unya. Kiache. Sukutua kwa maji, au maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi au cha baikaboneti kwenye glasi. Kula vitu laini visivyo na moto. Kisha subiri, na kusubiri ndiko kugumu. Utando wa shavu hujifanya upya kwa wiki mbili hivi, haraka kuliko ngozi ya mkono. Kidonda kilichoachwa kwa amani kitakuwa kimefunga. Ambacho hakijafunga baada ya wiki mbili au tatu, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi, kije kikaguliwe, maana huenda hakikuwa cha kemikali.

Wanaotibiwa saratani kwa dawa ni habari tofauti, moto wao unatokea ndani, kwenye damu. Hata hivyo kuna dawa moja, fluorourasili, ambayo ikitolewa kwa sindano ya haraka mgonjwa hushauriwa kumung’unya barafu kwa nusu saa. Mishipa ya kinywa inajibana kwa baridi, dawa inafika kidogo, vidonda vinapungua. Barafu tu.

Yule wa aspirini nilimtibu jino, fizi sikuigusa. Aliporudi baada ya siku 12 palikuwa pa waridi, huwezi kujua palitokea nini.

Nimeletewa kikaratasi hapa. Mama mmoja anasema meno yake ya bandia ni mapya, yana wiki moja, kaakaa linamuwaka kila akiyavaa, na jirani amemshauri apake mafuta ya karafuu. Mama, usipake. Mafuta ya karafuu yana yujenoli. Tunaitumia sisi kwa vitone ndani ya jino, juu ya utando mtupu inaunguza. Plastiki ya meno mapya huweza kubaki na mabaki ya kemikali iliyotengenezewa, na kuyaloweka kwenye maji usiku kucha huyapunguza. Lakini inawezekana pia yanakubana tu, au kuna ukungu umeota chini yake, na hayo siwezi kuyajua kutoka hapa jukwaani. Nikishuka nitakaa pale mlangoni. Njoo nayo, na usiyavae ukiwa unakuja.